Semina ya Siku Moja Haimkingi Kijana

Kuwakinga vijana na dawa za kulevya na ukatili: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona kinachomsukuma kijana kuonja bangi au gongo, na jinsi ukatili wa nyumbani unavyomfuata mtoto hadi shuleni. Leo tuingie katika swali ambalo walimu na wazazi huniuliza zaidi: tufanye nini, na tukifanyeje hadi kizae matunda?

Niliwahi kualikwa kwenye semina ya kupinga dawa za kulevya katika shule moja ya sekondari. Bango lilikuwepo, fulana zilikuwepo, soda pia. Mtoa mada alifungua sanduku la vielelezo, akawa anainua kete moja baada ya nyingine na kueleza madhara yake. Ulipofika wakati wa maswali, kijana wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Hiyo ndogo inauzwaje?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi niliingiwa na huzuni, kwa kuwa kijana yule alikuwa amesikiliza vizuri. Tulimfundisha kuzitambua dawa; kuzikataa hatukumfundisha.

Marekani walilipata somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walishirikiana na shule za jiji hilo kuanzisha mpango wa D.A.R.E., ambapo askari wenye sare waliingia darasani kufundisha juu ya dawa za kulevya. Wazazi waliupenda, wanasiasa wakausifu, ukaenea nchi nzima. Lakini watafiti walipowafuatilia vijana wa Kentucky miaka 10 baada ya kuupitia, hawakuona tofauti ya maana kati yao na wenzao waliopata elimu ya kawaida tu. Mpango unaweza kupendwa na watu wote na usimsaidie mtoto hata mmoja.

Huko huko Marekani, mpango wa stadi za maisha wa Profesa Gilbert Botvin ulishika njia nyingine. Una vipindi 15 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili na 5 mwaka wa tatu. Humo mwalimu huwaita wanafunzi wawili mbele. Mmoja anaigiza rafiki anayebembeleza: "Vuta kidogo tu, hutakufa." Mwenzake anatakiwa kumtazama usoni, kukataa na kuondoka. Mara ya kwanza anacheka kwa aibu na sauti haitoki. Wanarudia, darasa likimweleza alipofanya vizuri na alipoyumba, hadi sauti inakaza.

Mpango huo ulijaribiwa kuanzia mwaka 1985 katika shule 56 za jimbo la New York, na vijana wakafuatiliwa hadi mwisho wa sekondari. Matumizi ya sigara, pombe na bangi yalipungua, lakini nafuu kubwa zaidi ilikuwa kwa waliofundishwa angalau asilimia 60 ya mpango. Hapa ndipo shule nyingi hujikwaa. Kipindi kimoja kinafutwa kwa ajili ya mtihani, kingine kwa michezo, cha tatu mwalimu ana kikao. Bandu bandu huisha gogo. Mwisho wa mwaka tunasema mpango umeshindwa, kumbe hatukuufundisha.

Kwa upande wa ukatili, mfano mzuri uko jirani. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule nzima wa kujenga nidhamu bila viboko. Ulipimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, nusu zikichaguliwa kwa kura kuanza mapema. Baada ya miezi 18, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule zilizoanza walisema wamepigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule wiki iliyopita; katika shule nyingine walikuwa karibu asilimia 49. Bado ni watoto wengi mno, lakini tofauti hiyo ni kubwa. Tena haikuletwa na kitabu kilichoachwa ofisini. Walimu na wanafunzi walipita hatua sita pamoja, na watu wa shirika wakawa wanawatembelea na kuwapigia simu.

Je, tuuchukue mpango wa watu kama ulivyo? Vazi lake tulibadilishe: majina yawe Juma na Neema, bia iwe gongo, mahali pawe kijiweni. Kiini kisiguswe: mazoezi ya kuigiza, idadi ya vipindi, mafunzo ya walimu na ufuatiliaji. Ukigeuza maigizo kuwa hotuba kwa sababu darasa lina watoto 80, umeondoa kile kilichothibitishwa. Afadhali uwagawe makundi. Na kabla ya kuanza, waulize wanafunzi kwa karatasi isiyo na jina wanatumia nini na wanapigwa na nani. Uwaulize tena mwaka ukiisha.

Kwa hiyo, mkuu wa shule anapoletewa bajeti ya bango na fulana, kabla ya kusaini aulize: kipindi cha pili, wiki ijayo, kitafundishwa na nani?

Katika sehemu ya nne tutaangalia nafasi ya wazazi.