Damu ya Kondoa na Hesabu za Wanasayansi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini Kondoa imewavuta watafiti wa vinasaba kwa miaka mingi. Kwenye ardhi ambayo basi huimaliza kwa saa chache wanaishi Warangi, ambao lugha yao ni ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa wenye lugha za Kikushi, Wabarabaigi ambao ni Waniloti, na Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko na haijapatikana ndugu yake wa karibu kwa uhakika. Leo tufuate damu hiyo baada ya kutoka kijijini. Utafiti ukishakamilika unachapishwa wapi, majina ya nani yanaandikwa, na zile hesabu ambazo vyuo vikuu hutumia kumpima mtafiti zinatuambia nini?

Nachukua makala moja iwe mfano, kwa sababu bila ya watu wetu isingeandikwa. Ilitoka kwenye jarida la Nature Genetics mwanzoni mwa mwaka 2007, na aliyeiongoza ni Sarah Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Swali lake lilihusu maziwa. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktesi kinachovunja sukari ya maziwa tumboni. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya kuachishwa ziwa, ndiyo maana mtu mzima akinywa maziwa mengi tumbo hujaa gesi na huenda akaharisha. Wengine huendelea nacho hadi uzeeni. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walipata badiliko la herufi moja tu ya DNA linaloeleza uwezo huo kwa Wazungu. Lakini wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawana badiliko hilo, na maziwa wanakunywa. Wana nini, basi?

Jibu lilitafutwa vijijini. Mshiriki alifika bila kula, akatolewa tone la damu kidoleni ili kupima sukari, kisha akapewa gramu 50 za laktosi zilizokorogwa kwenye maji kiasi cha robo lita. Huo ni utamu wa maziwa ya lita moja au mbili kwa mara moja. Baada ya hapo alipimwa tena kila dakika 20 kwa muda wa saa nzima. Sukari ya damu ikipanda vya kutosha, laktesi ipo na inafanya kazi, isipopanda, haipo. Damu nyingine ilichukuliwa kwa ajili ya DNA, na pale pasipo umeme mashine ya kuizungusha iliunganishwa na betri ya gari. Ni kazi ya jua kali na ya kusubiri. Pia ni kazi ya kueleza, kwa sababu mtu hakubali kutobolewa kidole mara nne kwa saa moja kama hajamwelewa anayemtoboa.

Walishiriki watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Watafiti walipata mabadiliko matatu mapya ya DNA, yote jirani na lile la Wazungu lakini kila moja likiwa na asili yake. Lililoenea zaidi Tanzania na Kenya liko herufi 14,010 kabla ya jeni la laktesi: pale ambapo wengine wana G, wenye uwezo wana C. Walikadiria kwamba lilitokea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, yaani katika zama ambazo ng'ombe walikuwa wakiingia na kuenea Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba Ulaya na Afrika zilifika kwenye jawabu lilelile kwa njia mbili tofauti, na mwili wa mwanadamu ulibadilika kwa kufuata mifugo yake ndani ya muda mfupi mno kwa vipimo vya mageuzi. Katika makala hiyo Wasandawe wana nafasi ya pekee. Kati ya makundi yaliyopimwa, wao ndio waliokuwa na kiwango cha chini kabisa cha wenye uwezo wa kumeng'enya maziwa, asilimia 26, wakati Wabeja wa Sudan walifika asilimia 88. Bila ya ncha zote mbili picha isingeonekana.

Sasa tuje kwenye majina. Makala ina waandishi 19. Miongoni mwao wapo Muntaser Ibrahim wa Chuo Kikuu cha Khartoum, Sabah Omar wa Kenya, na Watanzania wawili kutoka idara ya biokemia ya Muhimbili, Dar es Salaam: Godfrey Lema na Thomas Nyambo. Anayefuatilia machapisho ya Profesa Nyambo atamkuta tena na tena pamoja na kundi hilo. Yumo kwenye makala ya 2007 kuhusu historia ya watu wenye lugha za vidoko, iliyowalinganisha Wasandawe na Wahadzabe na Wasan wa kusini. Yumo kwenye makala kubwa ya jarida la Science ya 2009 iliyochunguza makundi 121 ya Afrika. Mwaka 2012, jarida la Cell lilipochapisha DNA nzima ya watu 15 wa jamii za wawindaji, watano kati yao Wasandawe, alikuwemo. Alikuwemo pia kwenye utafiti wa rangi ya ngozi wa 2017.

Katika fani hii mpangilio wa majina una desturi yake. Jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, la mwisho mara nyingi ni la mkuu wa maabara, na ya katikati ni ya waliochangia kwa namna mbalimbali. Kamati ya kupandisha vyeo huangalia kwanza hizo ncha mbili. Makala ya 2007 ya maziwa inaanza na Tishkoff. Ya 2012 inamalizia naye. Watanzania wako katikati kote kuwili.

Lakini itazame kwa makini ile ya 2009. Waandishi ni 25. Saba wa mwanzo wamepangwa kwa mchango, na wa nne wao ni Christopher Ehret, mwanahistoria na mwanaisimu wa Afrika ambaye maabara si mahali pake. Kuanzia jina la nane, Awomoyi, hadi la mwisho, Williams, majina 18 yamefuata alfabeti tu. Lema ametangulia Moore, Mortensen ametangulia Nyambo. Kwa hiyo anayesoma orodha hiyo kwa kanuni ya kawaida na kusema Nyambo alichangia kidogo kuliko Kotze, au kwamba Williams ndiye mkuu wa wote kwa kuwa ni wa mwisho, anasoma kitu ambacho hakijaandikwa. Kompyuta inayokusanya takwimu hizi haijui hilo. Inahesabu nafasi, basi.

Na zinahesabiwaje? Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa iliyoorodhesha kila makala na makala nyingine zilizoirejelea. Nia yake ilikuwa kumsaidia mtafiti afuate wazo kutoka kazi moja hadi nyingine, lakini hesabu ilipokuwepo ikageuka kipimo cha watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha h ambacho leo kinaulizwa kwenye fomu nyingi za ajira na za fedha za utafiti. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa walau mara 10, kipimo chako ni 10. Ukiwa na makala moja tu iliyorejelewa mara 2,000, kipimo chako ni 1.

Makala ya maziwa na ile ya 2009 kila moja imerejelewa zaidi ya mara elfu moja, idadi ambayo makala nyingi za kisayansi hazifikii hata robo yake. Ni sifa ya haki. Wanaosoma mageuzi ya binadamu, lishe, dawa na historia ya ufugaji wanazitegemea. Ninachokataa ni kuichukua hesabu hiyo kana kwamba ndiyo picha nzima. Hesabu inampa kila mwandishi rejeo lilelile moja, awe aliandika programu ya kompyuta au alikaa siku nzima na wazee akiwaeleza kwa Kiswahili kwa nini damu inahitajika. Inamhesabu anayetaja makala kwa sentensi moja ya utangulizi sawa na aliyejenga utafiti wake wote juu yake. Ripoti ya Kiswahili iliyobandikwa kwenye ofisi ya kijiji haiingii humo kabisa, hata kama watu mia tano wameisoma.

Kuna pia wasioweza kuwa na kipimo chochote. Mkalimani aliyebadilisha Kiswahili kuwa Kisandawe, mwenyekiti wa kitongoji aliyeita mkutano, bibi aliyekunywa ule mchanganyiko mtamu na kuvumilia tumbo jioni ile. Majina yao hayachapishwi, na kwa mshiriki usiri huo ni kinga yake. Mimi sidai avunjiwe. Ninachodai ni kwamba asikose kujua alichochangia. Sheria tayari inamtaka mtafiti apate kibali cha COSTECH, na kwa mambo ya afya idhini ya maadili ya NIMR. Mimi ningeongeza sharti moja lililo rahisi kulikagua: kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zifikishwe kwa kila kijiji kilichotoa damu na kwa kila sekondari iliyo karibu, kabla utafiti haujafungwa. Na kamati za vyeo za vyuo vyetu zilihesabu chapisho hilo, ili mhadhiri wa Kitanzania asilazimike kuchagua kati ya kijiji na cheo.

Kwa sasa, mwalimu wa baiolojia wa Kondoa au wa Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka kwetu mwaka 2012 na ndiko waliko Wasandawe wengi, ana njia moja. Makala za 2007 na 2009 zinasomwa bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Kiingereza chake ni cha wataalamu, lakini ramani na majedwali yanasomeka, na kidato cha nne wanaosoma urithi na mageuzi hawatapata mfano ulio karibu nao zaidi ya huo. Atafute jedwali lenye jina la Wasandawe, awaachie wanafunzi waulize.

Wiki ijayo tutakwenda kusini. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, wakiwa wamechoshwa na watafiti waliokuja na kuondoka, walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ambazo mtafiti anatakiwa kuzikubali kabla ya kuanza kazi. Tutazipitia moja moja na kuangalia ipi ingeweza kufanya kazi Kwa Mtoro na Farkwa, na ipi ingekwama kwa sheria tulizonazo.