Redio Kuukuu Nayo Hutaka Kupumua



Bila shaka wengi wenu mmeiona redio ya babu imekaa kabatini, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa. Hiyo ilikuwa heshima. Babu yangu alikuwa mpishi wa mapadre, na redio ya mezani kwao ilikuwa ya valvu. Alituhadithia kwamba kila alipoifunika kitambaa, padre alikiondoa na kumwambia kuwa anaisonga pumzi. Siku zile babu hakufahamu maana yake.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo isiyo na hewa ndani, na katikati yake mna uzi unaowaka mwekundu kama kaa. Bila joto hilo valvu haifanyi kazi. Lakini joto hilo hilo likikosa njia ya kutoka, huvichosha vyombo vya jirani, na mwisho huiua valvu yenyewe. Basi leo natuone jinsi watu wanavyozitunza mashine kuukuu za namna hiyo, maana mna fundisho linalotuhusu hata sisi wa vijijini.

FENI ISIYOTOBOA KITU

Katika nchi nyingi wako watu wa redio ya ridhaa. Serikali huwapa leseni ya kupeleka sauti hewani kutoka nyumbani kwao, wasipate mshahara wala kufanya biashara. Huko Marekani wengi wao huzipenda mashine za zamani. Moja yasifiwa sana: KWM-2 ya kampuni ya Collins, katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, iliyotoka mwaka 1959. Nguvu yake ya kupeleka sauti hutoka katika valvu mbili za aina ya 6146, nayo haikuwekewa feni ndani. Hewa ya moto iliachwa ipande yenyewe, kama moshi wa jikoni.

Wenye mashine hiyo siku hizi huchukua feni ndogo, ile ya kompyuta, wakaiweka juu, pale zilipo valvu hizo mbili, ivute hewa ya moto kwenda juu. Huitilia vipande vya mpira chini yake isitetemeshe kitu, na umeme wake huutoa pembeni. Hakuna tundu linalotobolewa wala waya unaokatwa. Ukiiondoa feni, mashine yabaki kama ilivyotoka kiwandani.

BADILIKO LENYE DENI

Lakini si kila badiliko ni jepesi hivyo. Tazama SB-220, mashine ya kukuza nguvu ya redio, iliyouzwa miaka ya 1970 na Heathkit wa Benton Harbor, jimbo la Michigan. Mnunuzi alipelekewa vipande vyake pamoja na kitabu, akaiunga mwenyewe nyumbani. Ndani mna valvu mbili kubwa za aina ya 3-500Z, na feni ya kuzipuliza. Wenye busara hawaizimi mara wamalizapo kusema; huiacha feni ipulize dakika chache kwanza.

Volti za ndani hufika karibu 3,000, na za ukutani kwetu ni 230 tu. Volti hizo hukaa katika kapasita nane, ambazo ni kama mitungi ya kuwekea umeme. Kila mtungi una rizista yake, mfano wa tundu dogo la kuvujisha. Rizista hizo hugawa volti sawasawa, tena huumwaga umeme mashine ikizimwa.

Rizista za asili ni za omu 30,000. Kwa kuwa kila moja hubeba volti 375 hivi, hutoa joto la karibu wati 4.7. Zote nane hutoa zaidi ya wati 37, nazo zimekaa ubavuni pa kapasita, ambazo huzeeka upesi kwa joto. Ni kama kuweka samli kando ya jiko. Kwa hiyo wenyewe huzing'oa, wakatia za omu 100,000. Hapo kila moja hutoa wati 1.4, na zote nane wati 11 tu. Joto limepungua kupita theluthi mbili, bila kununua feni mpya. Nani asiyefurahi?

Ngoja kwanza, ndugu msomaji. Tundu likiwa dogo zaidi, mtungi hukawia kukauka. Kwa kapasita za asili za maikrofaradi 200, volti 3,000 zilishuka hadi 30 kwa nusu dakika hivi. Sasa yataka dakika moja na nusu. Fundi aliyezoea kuhesabu nusu dakika kisha akatia mkono, atakuta volti zaidi ya 600 zikimngoja. Ubaridi umeletwa, lakini umekuja na deni la subira, na asiyelilipa aweza kulipa kwa uhai wake.

MAMBO MANNE YA FUNDI

Mashine hii ina kinga ya kuumaliza umeme huo kifuniko kikifunguliwa, lakini fundi mwenye akili haamini kinga moja. Kwanza, huchomoa waya ukutani, si kuzima swichi tu. Pili, hungoja dakika kadhaa, akitazama mshale wa kipimo hata ulale sifuri. Tatu, huchukua fimbo isiyopitisha umeme, yenye waya uliofungwa kwenye bati la mashine, akagusa nayo penye volti kubwa, mkono wa pili ukiwa mfukoni.

La nne nalisema kama karani. Huandika katika karatasi alichobadili na tarehe yake, akaibandika ndani ya kifuniko. Mashine hizi hupita mikononi mwa watu wengi, na badiliko lisiloandikwa ni mtego kwa atakayeifungua baadaye.

NASI JE?

Huenda hutaiona SB-220 maisha yako yote. Lakini nyumbani mna televisheni au inveta ya sola, na kwaya ina amplifaya yake. Yale matundu ya ubavuni ni pua zake, msiyazibe. Na kijana anayependa bisibisi aambiwe mapema kwamba kuchomoa waya si kumaliza umeme wote uliomo ndani. Asifungue kitu ila akiwa na fundi anayekijua.

Kitambaa cha babu tunacho hata leo. Bibi amekitandika mezani, na redio imekaa juu yake.