Mgonjwa wa Moyo, Je, Akae au Atembee?

Mazungumzo ya redioni, yamechapishwa kwa ajili ya wale walioomba wayasome

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea, na kosa langu karibu limgharimu mtu nguvu zake zote.

Katika kanisa letu kuna mzee mmoja aliyekuwa akipiga kengele kila Jumapili kwa miaka mingi. Siku moja alishikwa na maumivu makali kifuani, jasho jembamba likamtoka, akakimbizwa hospitalini. Huko wakasema ni mshtuko wa moyo. Kwa rehema za Mungu alipata nafuu, akarudi nyumbani. Watoto wake wakamwekea kiti chini ya mwembe. Maji akaletewa, chakula akaletewa, hata viatu akavishwa. Nilipokwenda kumwona nilimshika mkono nikamwambia, "Mzee wangu, kazi yako sasa ni kupumzika tu. Usijisumbue." Wote waliokuwapo wakaitikia kwamba Mchungaji amesema vema.

Baada ya miezi 5 mzee huyo hakuweza kwenda chooni bila kushikwa. Mapaja yalikuwa yamekonda, na hatua chache tu zilimfanya ahemee. Tulidhani moyo unakwisha. Binti yake akaniomba nifuatane nao kwenda kwa daktari. Daktari alimpima kwa makini, akasema moyo haukuwa umezidi kuharibika hata kidogo. Kilichoharibika ni miguu. Kisha akauliza, "Ni nani aliyemkataza kutembea?" Binti akatazama chini, maana hakutaka kuniaibisha. Basi nikasema, "Ni mimi, daktari."

Ndugu zangu, sikuwa peke yangu katika kosa hilo. Madaktari wakubwa walilifanya kwa muda mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa chali wiki 6 au zaidi, akilishwa kwa kijiko kama mtoto mchanga. Waliogopa kwamba akijitikisa, moyo utapasuka. Lakini kulala huko nako kuliua. Damu iliganda miguuni, vipande vikapanda hadi mapafuni, na mtu aliyeokoka moyo akafa kwa kitanda.

Ajabu ni kwamba wazee wa kale walikwisha kuona mwanga. Daktari mmoja Mwingereza, William Heberden, ndiye aliyeeleza vizuri yale maumivu ya kifua yanayomshika mtu anapopanda mlima. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1802, baada ya kufa kwake, alimtaja mgonjwa mmoja aliyejiwekea kazi ya kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, naye akakaribia kupona kabisa. Na huko Dublin, mwaka 1854, William Stokes aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wa moyo wafundishwe kutembea kidogo kidogo. Maneno hayo yakasahauliwa karibu miaka 100.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walithubutu kuwatoa wagonjwa wao kitandani na kuwakalisha kwenye viti mapema. Wenzao waliwalaumu sana. Lakini wagonjwa wale hawakudhurika, bali walipata nafuu. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipopatwa na mshtuko wa moyo, daktari wake Paul Dudley White alimhimiza ainuke polepole, atembee, arudi kazini. Mwaka uliofuata mtu huyo alisimama tena katika uchaguzi akashinda.

Labda mtauliza, kulala tu kunaweza kumwondolea mtu nguvu kiasi gani? Mwaka 1966 huko Dallas, vijana 5 wenye afya njema walikubali kulala kitandani kwa muda wa wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kufanya kazi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wanaume wale wale walipimwa tena. Ikaonekana kwamba wiki 3 za kitanda ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Basi kama kijana mzima anaharibika hivyo kwa wiki 3, itakuwaje kwa mzee mgonjwa anayekalishwa miezi 5?

Sasa sikilizeni vizuri jinsi jambo hili linavyofanya kazi mwilini. Moyo ni pampu, na misuli ndiyo inayoagiza damu. Msuli uliozoea kazi hujua kutumia vizuri kila tone la damu linaloufikia. Msuli uliolala hupoteza ujuzi huo, kwa hiyo hudai damu nyingi kwa kazi ndogo, na moyo mgonjwa hulazimika kupiga mbio. Mtu anapofanya mazoezi kwa kipimo, misuli hujifunza upya. Mishipa ya damu hupata kulegea na kupanuka vizuri, presha hushuka, na moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile. Hivyo mazoezi huupunguzia moyo mzigo, ingawa kwa macho huonekana kana kwamba yanauongezea.

Uchunguzi mwingi umefanywa. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 85 yenye wagonjwa zaidi ya 23,000 wa mishipa ya moyo. Waliona kwamba walioingizwa katika utaratibu wa mazoezi walipungukiwa na vifo vya moyo, na mishtuko mipya, na safari za kurudishwa hospitalini. Hata wale ambao moyo wao umedhoofika na haupigi damu ya kutosha, ambao zamani walikatazwa kabisa, walichunguzwa. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, mazoezi yaliyopimwa hayakuwadhuru, na maisha yao ya kila siku yakawa bora kidogo.

Na wenye ugonjwa wa mapafu je? Hapa kwetu wako wengi. Yuko aliyevuta sigara miaka mingi. Yuko mama aliyepika kwa kuni tangu utoto katika jiko lisilo na dirisha. Yuko aliyeugua kifua kikuu, akameza dawa zote, akaambiwa amepona, lakini mapafu yakabaki na makovu. Watu hawa hushikwa na mzunguko mbaya. Akitembea, pumzi humbana. Ikimbana, huogopa. Akiogopa, hukaa. Akikaa, miguu hudhoofika. Miguu ikidhoofika, hata mwendo mdogo humbana pumzi kuliko jana. Mwisho hukaa ndani mchana kutwa, na jirani wakasema amekuwa mtu wa huzuni.

Nataka kuwa mkweli kwenu. Mazoezi hayafuti kovu la mapafu, wala hayarudishi pafu lililooza. Ila misuli dhaifu hutoa uchafu mwingi wenye asidi ndani ya damu, na uchafu huo ndio unaolilazimisha pafu kuhema mbio. Misuli ikipata nguvu, uchafu hupungua, na pafu lile lile bovu huweza kutosha. Mwaka 2015 majaribio 65 ya namna hii yalipimwa pamoja, na ikaonekana wazi kwamba wagonjwa wa mapafu waliofundishwa mazoezi walihema kwa nafuu, walitembea mbali zaidi, na waliona maisha yao yana furaha zaidi. Wala si kwa Wazungu tu. Jirani zetu wa Uganda, mjini Kampala, walilijaribu jambo hili kwa watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu. Kikundi kilikuwa kidogo, wakifanya mazoezi kwa wiki 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba mwendo wao uliongezeka, na dalili zao zikapungua.

Basi mtu aanzeje? Kwanza, aanze kwa daktari. Narudia tena, aanze kwa daktari. Wako ambao hawapaswi kufanya mazoezi mpaka watibiwe kwanza. Mmojawapo ni yule anayeumwa kifua hata akiwa ametulia. Mwingine ni yule ambaye miguu imevimba upya au amekosa pumzi akilala. Mwingine ni mwenye homa, au mwenye kifua kikuu ambaye bado hajaanza kutibiwa. Mwingine, na hawa ni wengi kati ya vijana wetu, ni yule ambaye vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Vali ikiwa imebana, kumsukuma mtu huyo kunaweza kumwangusha. Daktari ndiye atakayejua.

Akiisha kuruhusiwa, aanze kidogo. Dakika 5 mahali tambarare zinatosha, hata mara 2 au 3 kwa siku. Aanze polepole, amalize polepole, asisimame ghafula. Kila wiki aongeze dakika chache, mpaka afike nusu saa, siku nyingi za juma. Kipimo chake ni ulimi. Akitembea aweze kusema sentensi nzima na mwenzake. Akishindwa kusema ila neno moja moja, amezidisha. Akiweza kuimba wimbo mzima bila kuhema, ameleta uvivu kidogo!

Nyumbani pia aweza kufanya kazi ya misuli. Asimame kutoka kitini na kukaa tena, mara 5, kisha mara 10. Ainue chupa ndogo ya maji kwa kila mkono. Lakini asizuie pumzi anapoinua kitu, maana hilo hupandisha presha ghafula. Asifanye mazoezi mara baada ya kushiba, wala katika jua kali la saa sita.

Mwenye mapafu mabaya ajifunze kuhema. Avute hewa kwa pua, taratibu, akihesabu 2. Kisha abane midomo kama mtu anayepoza uji, atoe hewa akihesabu 4. Midomo ikibanwa hivyo, njia za hewa ndani hazijifungi upesi, na hewa iliyonaswa hupata kutoka. Pumzi ikimshinda njiani, ainame mbele kidogo, aegemeze mikono juu ya magoti au juu ya fimbo, asubiri. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta, amwulize kama aitumie kabla ya kutoka.

Na aache mara moja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, jasho la baridi, au moyo kwenda mbio bila mpango. Maumivu yasipoondoka kwa kupumzika na kwa dawa aliyopewa, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi. Mwenye moyo dhaifu ajipime uzito. Akiongezeka kilo 2 kwa siku 3, hayo si mafuta, ni maji, naye amwone daktari. Wala mtu asiache dawa zake kwa sababu ametembea wiki moja akajiona mzima. Mazoezi hufuatana na dawa. Na akiyaacha mazoezi, faida yake nayo huisha.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi tulio wazima. Mnakijua kisa cha yule mtu aliyelala kando ya birika kule Yerusalemu miaka 38. Alipoulizwa habari ya kupona, jambo alilolilalamikia ni kwamba hana mtu. Ndugu wapenzi, wagonjwa wetu nao hawana mtu. Wana wa kuwaletea chai, wana wa kuwaombea wakiwa wamekaa, lakini hawana wa kutembea nao. Mgonjwa hawezi kutembea peke yake akiwa na hofu. Na wengine hufanya vibaya zaidi, humwita mvivu. Mtu ambaye pumzi inambana si mvivu, anaogopa kufa, na hofu hiyo haiondolewi kwa kukemewa. Huondolewa kwa kuwa na mwenzake ubavuni, anayekwenda kwa mwendo wake, anayesimama akisimama.

Yule mzee wetu alianza kwa kutembea kutoka mwembeni hadi mgombani. Mjukuu wake ndiye aliyemshika. Wiki ya pili akafika langoni. Nami nilijiwekea zamu yangu kila Jumatano, maana nilikuwa na deni. Baada ya miezi 4 alifika kanisani kwa miguu, akipumzika mara 3 njiani. Kengele hakuipiga, kijana mmoja alikuwa amekwisha kuipiga, na ibada ilikuwa imekwisha kuanza. Aliketi mahali pake pa zamani, akipoza pumzi kama mtu mwenye uji wa moto.

Moyo wake haukuwa mpya, naye anajua. Lakini anakwenda chooni mwenyewe, na viatu anavaa mwenyewe.

Basi wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekwisha. Kama kuna mgonjwa nyumbani kwako, mpeleke akapimwe, na ukiambiwa kwamba aweza kutembea, usimwambie tu, "Nenda." Vaa viatu vyako, mwambie, "Twende."