Mwongozaji wa filamu hufanya nini hasa?

Wengi wetu tukisikia habari za mwongozaji wa filamu tunamwona mtu aliyekaa kitini, akipaza sauti: «Anza! Simama!» Kumbe kazi yake kubwa ni kuamua. Siku ya kupiga picha watu wanamjia na maswali tangu asubuhi: kamera isimame wapi, mama huyu avae kitenge gani, mvua ikinyesha tufanye nini? Asiyekuwa na jibu anapoteza siku, na siku moja ni pesa ya chakula, ya usafiri na ya mafuta ya jenereta.

Njia za kujifunza

Njia si moja. Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alisomea sinema nchini Ubelgiji. Filamu yake Pièces d'identités ilipata tuzo kuu ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alianza na masomo ya utabibu, kisha akajifunza filamu katika warsha. Katika filamu zake za maisha halisi, kama Examen d'État (2014) na Maman Colonelle (2017), yeye mwenyewe ndiye anayeshika kamera.

Anayeanza na simu tu anaweza kufanya zoezi hili: watu wawili, chumba kimoja, dakika mbili. Kabla ya kupiga picha ajibu maswali matatu: nani anataka nini? Nani anamzuia? Mtazamaji awe upande wa nani? Bila majibu hayo, kamera nzuri haisaidii kitu.

Picha na sauti

Watu wawili wakizungumza, vuta mstari wa kuwazia kati yao, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka bila sababu, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, na mtazamaji hatajua nani anamwambia nani.

Jua nalo lina sheria zake. Karibu na ikweta, saa sita mchana linasimama utosini na kuficha macho ya mtu kivulini. Jioni mwanga ni mzuri, lakini giza linaingia haraka. Kwa hiyo mwongozaji anapanga picha za nje asubuhi na alasiri, na zile za ndani mchana.

Kosa linaloharibu kazi nyingi za wanaoanza ni sauti. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika hayavumilii. Sogeza kinasa sauti karibu na msemaji. Zima jenereta ikiwezekana. Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale: mhariri atautumia kuziba mapengo.

Lugha ya wahusika

Hapa ndipo sisi wa Kitivo cha Lugha tunahusika. Mwanafunzi anaandika: «Mama, ninakwenda sokoni.» Mchezaji kutoka mtaani kwetu anasoma sentensi hiyo, na mara anakuwa kama mtangazaji wa redio. Mwache aseme «Mama, niko naenda ku soko», na uso wake unalegea. Si kwamba Kiswahili sanifu ni kibaya. Mwalimu, mchungaji au mgeni kutoka Dar es Salaam atakitumia katika filamu hiyohiyo, na tofauti hiyo itatueleza nani ni nani. Mwongozaji asiyesikia tofauti hizo anawavika wahusika wote nguo moja.

Vilevile maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mtazamaji ana sekunde chache tu za kusoma, hivyo mtafsiri hana budi kukata maneno bila kukata maana. Matusi, utani na heshima ndivyo vinavyopotea kwanza.

Deni kwa wanaopigwa picha

En route pour le milliard ya Hamadi, iliyochaguliwa rasmi na tamasha la Cannes mwaka 2020, inafuata walemavu wa vita vya siku sita vya Kisangani, Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji. Wanashuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Angeweza kutuonyesha vidonda tu. Lakini tunawaona wakibishana, wakiimba, wakicheza tamthilia yao, wakikasirika. Ni watu wenye dai, hawakuletwa pale ili wahurumiwe.

Mashariki mwa nchi yetu, kamera nyingi zimekuja kuchukua machozi na kuondoka. Ndiyo maana kumwomba mtu ruhusa hakuishi kwenye sahihi. Mweleze, kwa lugha anayoielewa, picha yake itaonekana wapi na nani ataiona, na akikataa kesho, heshimu. Filamu ikiisha, rudi umwonyeshe. Mwongozaji anayeweza kukaa kando ya mtu huyo gizani, picha ikipita, bila kuona haya, ameanza kuijua kazi yake.