Mcheza kwao hutunzwa, ila asajiliwe nani?

Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyerudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Mkenya Henry Rono naye alikuwa anasoma Washington State, kaskazini-magharibi mwa Marekani, alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Vyuo vyote viwili ni vya umma, na majimbo yenyewe yalikuwa na vijana tele wa kukimbia. Manung'uniko hayakukosekana, lakini makocha walikuwa wameshaamua: mkimbiaji ni mkimbiaji, atoke Mara au Nandi.

Futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, haina uwanja mpana hivyo wa kuvua. Wachezaji wake karibu wote hulelewa katika shule za sekondari za Marekani yenyewe, kwa hiyo ubishi wa nani asajiliwe huishia ndani ya nchi, na mpaka unaogombewa ni wa jimbo. Je, chuo kikuu cha Nebraska kianze na vijana wa Nebraska? Georgia ichukue wa Georgia kwanza? Kila Desemba, vijana wa mwaka wa mwisho wanapotia saini, mashabiki huhesabu wangapi ni wa nyumbani na wangapi wametoroshwa na majirani, na kocha aliyempoteza kijana wa mtaa wa pili huulizwa maswali asiyoyapenda.

Jibu langu nalitoa mapema. Kijana wa jimbo ana haki ya kutazamwa kwanza, na kutazamwa vizuri kuliko mwingine yeyote. Haki ya kupewa ufadhili kwanza hana.

Mechi moja inaonyesha sababu. Tarehe 2 Januari 1984, katika uwanja wa Orange Bowl mjini Miami, Nebraska iliyokuwa haijafungwa msimu mzima ilikutana na Miami. Dakika ya mwisho Nebraska ilipata bao kubwa na matokeo yakawa 31 kwa 30. Kocha Tom Osborne angeweza kupiga mkwaju wa pointi moja, akatoka sare na huenda akatwaa ubingwa, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na muda wa nyongeza. Akachagua kutafuta pointi mbili. Pasi ikaguswa na mlinzi, ikaanguka, na ubingwa ukaenda kwa Miami. Mechi hiyo husimuliwa kwa ajili ya ujasiri wa Osborne. Mimi huirudia kwa sababu nyingine: timu zote mbili zilisifika kwa kujengwa na vijana wa nyumbani, na zote mbili hazikuwa hivyo kikamilifu.

Anza na Nebraska. Ni jimbo la mashamba, ambalo hata katika sensa ya mwaka 2020 halikufikisha watu milioni mbili, na halina chuo kingine cha daraja la juu katika mchezo huu. Nyota watatu wa mashambulizi wa timu ile walikuwa wageni: Mike Rozier, mchezaji bora wa vyuo wa mwaka 1983, alitoka Camden, New Jersey; Irving Fryar naye alitoka New Jersey, mji wa Mount Holly; na Turner Gill, mpangaji wa mashambulizi ambaye Wamarekani humwita kwotabeki, alitoka Fort Worth, Texas. Lakini tazama majabali waliokuwa wakiwafungulia njia. Tuzo ya Outland hutolewa kwa mchezaji bora wa mstari wa ndani nchini kote. Mwaka 1981 na 1982 aliichukua Dave Rimington wa Omaha, Nebraska. Mwaka 1983 akaichukua Dean Steinkuhler, mtoto wa kijiji cha Burr, Nebraska. Miaka mitatu mfululizo, jimbo lenye watu wachache lilitoa mchezaji bora wa mstari. Steinkuhler ndiye pia aliyefunga katika mechi ile, kwa hila ambayo kwotabeki huuacha mpira chini makusudi na mtu wa mstari huuokota na kutimka nao huku wapinzani wakikimbilia upande mwingine.

Mgawanyo huo haukuwa wa bahati. Mtu wa mstari hutengenezwa. Kijana wa miaka 18 mwenye mifupa mikubwa na kazi za shambani mwilini, ukimlisha na kumtia katika chumba cha vyuma kwa miaka mitatu au minne, anaweza kugeuka mtu mwingine kabisa. Nebraska ililielewa hilo kabla ya wenzake; mwaka 1969 ilimwajiri Boyd Epley kama kocha wa nguvu, kazi ambayo vyuo vingi vilikuwa havijaifikiria. Pia ilifungua mlango kwa mamia ya vijana wa jimbo waliokuja kwa gharama zao, bila ufadhili, wakivumilia miaka ya mazoezi kwa ndoto ya kuvaa jezi nyekundu walau mara moja. Kasi ya Rozier haipatikani kwa njia hiyo. Kasi inafuatwa ilipo, na ilikuwa New Jersey. Kwa hiyo Osborne alitumia jimbo lake pale ambapo muda unaweza kuziba pengo la kipaji, na akapanda ndege pale ambapo hauwezi.

Miami ni kisa kingine, na wanaodai kwamba chuo kina deni kwa jimbo lake wangekipitia polepole. Howard Schnellenberger alipoajiriwa mwaka 1979 alikuta timu ambayo wakubwa wa chuo walikuwa wamewahi kufikiria kuifuta. Akachora mstari wa kuikata rasi ya Florida, kutoka pande za Tampa hadi pwani ya Atlantiki, na kutangaza kwamba kila kijana mwenye kipaji aliye kusini ya mstari huo ni wake. Akaliita eneo hilo jimbo la Miami. Chini ya miaka mitano baadaye akawa bingwa.

Lakini Chuo Kikuu cha Miami ni cha binafsi. Hakina mlipa kodi wa kumridhisha wala mbunge wa jimbo wa kumpigia simu rais wa chuo. Tena Schnellenberger hakuchukua Florida nzima. Aliiacha nusu ya kaskazini, vilikotamba vyuo vikuu vya Florida State na Florida. Na kwotabeki aliyeiangusha Nebraska usiku ule, Bernie Kosar, alitoka Boardman, Ohio. Kocha aliyeifanya sera ya nyumbani kuwa maarufu aliongozwa na umbali ambao msaidizi wake anaweza kuendesha gari Ijumaa jioni, akatazama mechi ya sekondari, akaongea na mama wa kijana, na kurudi kulala kwake.

Ukishaliona hilo, mpaka wa jimbo unaanza kuonekana wa ajabu. Chuo Kikuu cha Oklahoma kiko Norman, yapata kilomita 300 kutoka Dallas. Texas Tech, chuo cha umma cha Texas, kiko Lubbock, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dallas hiyo hiyo. Kijana wa Dallas anayetaka wazazi wake wamtazame kila Jumamosi yuko karibu zaidi na jimbo jirani kuliko na sehemu kubwa ya jimbo lake. Ndiyo maana Oklahoma imeishi kwa vijana wa Texas kwa vizazi: Billy Sims, mchezaji bora wa mwaka 1978, alitoka Hooks, Texas, Adrian Peterson alitoka Palestine, Texas. Kuiambia Oklahoma ianze nyumbani ni kuiambia ifunge dirisha lenye hewa.

Hoja ya kodi nayo ina mguu mmoja. Watu husema wazazi wa jimbo ndio wanaokilipia chuo, basi watoto wao watangulie. Katika programu kubwa, fedha za futiboli hutoka kwa televisheni, tiketi na wafadhili matajiri. Katika vyuo vidogo hutoka sana kwenye ada za wanafunzi, na huko hoja ina uzito zaidi. Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni ada ya masomo. Chuo cha umma humtoza mtu wa nje ya jimbo mara mbili au tatu ya mkazi, na idara ya michezo inapomfadhili mchezaji mara nyingi hulipa ada hiyo kwa chuo. Kijana wa nyumbani ni nafuu kwenye daftari. Programu tajiri haishtuki. Programu ya daraja la kati inashtuka, na wakati mwingine kile kinachoitwa uzalendo wa jimbo ni mhasibu tu anayefanya kazi yake.

Ipo pia historia ambayo wapenzi wa kauli ya "vijana wetu kwanza" huipita haraka. Vijana wa nani? Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Texas kilitwaa ubingwa kikiwa hakina mchezaji hata mmoja Mweusi katika kikosi chake cha kwanza. Mweusi wa kwanza kupewa ufadhili na Alabama, Wilbur Jackson wa mji wa Ozark humo humo Alabama, alijiunga mwaka 1970. Kabla ya hapo kijana Mweusi wa kusini alikuwa wa nyumbani siku ya kulipa kodi tu. Bubba Smith alikulia Beaumont, Texas, mtoto wa kocha mashuhuri wa sekondari, na chuo kikuu cha jimbo lake hakikumtaka. Kocha Duffy Daugherty wa Michigan State, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini, alimtaka. Alimchukua pia Gene Washington kutoka La Porte, Texas, na George Webster kutoka Anderson, South Carolina. Mwaka 1967, ligi ya kulipwa ilipochagua wachezaji kutoka vyuoni, Smith alikuwa wa kwanza kabisa, Webster wa tano na Washington wa nane. Kusini iliipa Michigan State majabali hao bure, kwa sababu ya rangi. Sikumbuki mfano mzito zaidi wa hasara ya jimbo kutowatazama watoto wake.

Kutazama kwenyewe hufanywa kupitia watu, na mlinda lango ni kocha wa sekondari. Yeye ndiye anayejua kijana gani amekuwa akicheza na goti bovu bila kulalamika, na yupi mwenye nyota tano kwenye tovuti za usajili lakini haamki kwenda mazoezini. Matt Rhule alipofika Baylor, chuo cha binafsi cha Texas, mwishoni mwa mwaka 2016, hakuwa na mizizi yoyote huko. Alikuwa ametoka kufundisha Philadelphia. Akaajiri makocha wa sekondari za Texas, akiwemo Joey McGuire aliyekuwa ameipa Cedar Hill ubingwa wa jimbo mara tatu. Msimu wa kwanza Baylor ilishinda mechi 1 na kupoteza 11. Msimu wa tatu ilishinda 11 na kupoteza 3. Makocha hao hawakuwa sababu pekee, ila McGuire sasa ni kocha mkuu wa Texas Tech, na waajiri wake walijua wananunua nini.

Faida ya macho ya karibu huonekana zaidi kwa kijana ambaye karatasi inamkataa. Stetson Bennett alitoka Blackshear, mji mdogo wa kusini mwa Georgia. Alijiunga na Georgia mwaka 2017 kwa gharama zake, akaondoka kwenda chuo cha miaka miwili huko Mississippi, akarudi. Mwaka 2021 alianza msimu nyuma ya JT Daniels, kijana wa California aliyekuwa amepewa nyota tano. Daniels akaumia, Bennett akaingia, na Georgia ikachukua ubingwa wa msimu huo na uliofuata. Sisemi kila mji una Bennett wake. Kocha Kirby Smart mwenyewe hakuacha kusaka mbali. Mpokeaji wake hatari wa misimu hiyo, Brock Bowers, alitoka Napa, California.

Mambo yamebadilika siku hizi. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa majina yao. Tangu 2024 wanaweza kuhama chuo mara kwa mara bila kukaa nje msimu. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano yanayovipa vyuo ruhusa ya kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote. Kijana aliyesajiliwa kwa mapenzi ya jimbo akiwa na miaka 18 anaweza kuondoka akiwa na 19, na hakuna kocha mwenye haki ya kununa.

Katika mapatano hayo kuna kifungu kinachowagusa vijana wa nyumbani kuliko fedha zote. Zamani ukomo ulikuwa wachezaji 85 wenye ufadhili, na wanaojilipia waliongezwa juu yake. Nebraska ilijaza chumba chake cha vyuma kwa vijana hao. Sasa vyuo vilivyokubali kuwalipa wachezaji vina ukomo wa watu 105 kwa jumla, wenye ufadhili na wasio nao, ingawa waliokuwapo tayari waliwekewa nafasi ya kubaki. Njia iliyokuwa ikitumiwa na mtoto wa shamba kukua polepole katika chumba cha vyuma cha Nebraska imekatwa katikati.

Atakwenda wapi kijana yule wa 106? Atakwenda chuo kidogo, pengine ndani ya jimbo hilo hilo, akakulie huko. Miaka miwili baadaye jina lake litatokea katika orodha ya wanaotaka kuhama, pamoja na maelfu mengine, na makocha watakuwa na siku chache za Januari kuamua. Wengi watatazama video za dakika tano. Kocha aliyekaa jukwaani kumtazama akiwa na miaka 16, na ambaye bado ana namba ya simu ya mwalimu wake, atakuwa ameshampigia.