Fahamu: Mwongozo wa kusakinisha Linux unavyoweza kumpoteza mgeni

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye kompyuta za zamani wakaanza kuulizia mfumo mbadala wa Linux. Miongozo mingi ya kuisakinisha huandikwa na watumiaji wenyewe. Kila fundi huongeza mstari kuhusu mashine yake, hadi mgeni asijue hatua ipi inamhusu na ipi airuke.

Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliwahi kuwa na miongozo miwili, mmoja ukiwa wa wanaoanza. Mwaka 2016 ukabaki mmoja mfupi, na maelezo ya ziada yako kwenye kurasa nyingine. Ufupi huo naukubali, ingawa unadai msomaji mvumilivu.

Lakini tazama amri ya kugawa diski. Mwongozo ukiandika /dev/sda, ambalo ni jina halisi la diski kwenye Linux, mgeni atainakili vilevile, kumbe hiyo ndiyo diski yenye picha za harusi yake. Mwongozo wa Arch huandika /dev/the_disk_to_be_partitioned, yaani “diski itakayogawanywa”. Jina hilo halipo kwenye kompyuta yoyote. Ukilibandika bila kulibadilisha, amri inagoma, na picha zinabaki salama.