Mungu Mwema na Uovu Duniani (2): Swali la Lisbon

Wiki iliyopita tuliishia kwenye hoja ya hiari: Mungu amempa binadamu uhuru wa kuchagua, na mwenye uhuru wa kutenda mema anao pia wa kutenda mabaya. Hoja hiyo inaeleza wizi, vita na utumwa. Je, ardhi inapotetemeka, ni nani aliyechagua?

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon, Ureno, ulitikisika waumini wakiwa ibadani. Makanisa yaliwaangukia. Moto ulizuka, ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Waliokimbilia ufukweni walifuatwa na mawimbi makubwa. Maelfu kwa maelfu walikufa.

Mwaka 1710 mwanafalsafa Leibniz alikuwa ameandika kwamba Mungu ameumba ulimwengu ulio bora kuliko wote unaowezekana. Baada ya Lisbon, mwandishi Voltaire alimpinga kwa shairi: mji huo ulikuwa na dhambi gani kuizidi Paris? Padri Malagrida yeye alishikilia kuwa tetemeko lile ni adhabu ya Mungu. Mwanafalsafa Rousseau akamwandikia Voltaire kwamba waliorundika maghorofa mahali pamoja ni watu, si maumbile. Hoja yake ina uzito hadi leo, kwani tetemeko huua wengi au wachache kutegemea tulivyojenga. Lakini haimalizi swali: mtoto mchanga aliyefukiwa na kifusi hakupanga mji.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia majibu mepesi. Msibani mama aliyefiwa na mwanawe huambiwa, "Usilie, kazi ya Mungu haina makosa." Msemaji ana nia njema, ila mama hubaki na mizigo miwili: kifo cha mtoto, na hofu kwamba akilia anakufuru.

Kitabu cha Ayubu katika Biblia kinatuonya. Rafiki zake walimtetea Mungu kwa hoja nyepesi: umeteseka, basi umekosa. Ayubu alilalamika, akadai shauri lake lisikilizwe. Mwishoni Mungu aliwakasirikia rafiki wale, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Kwa hiyo muumini halazimiki kuuhalalisha kila msiba ili Mungu abaki mwema. Anaweza kuamini huku akiuliza, na akawaacha waliofiwa walie.

Wiki ijayo tutapima hoja ya mwanafalsafa J. L. Mackie ya mwaka 1955: kama Mungu ni mweza yote, kwa nini hakuumba watu huru ambao daima wangechagua mema?